Mama, Mtoe Baraka Kwenye Ile Nyumba

Mtaa wa Najma, Doha

Mama yangu mpendwa,

Nakushika mkono kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika? Na Baraka, bado analala akishika sikio lako? Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo sina mazuri ya kukueleza, nawe usinikasirikie.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikianza jambo zito unaanza kuomba, halafu chaji inaisha. Barua anakuletea Rehema, askari wa getini tunayelala naye chumba kimoja. Anakuja likizo.

Nilikwambia nilihamishwa kutoka hotelini. Kampuni imenipeleka katikati ya mji, mahali ambapo zamani kulikuwa na magereji na karakana za betri na rangi. Yote yamebomolewa, wanataka kujenga maduka na maghorofa. Mimi napiga deki vile vyumba vya bati wanavyofanya ofisi, na kuwapikia chai. Nilidhani wataanza kujenga mara moja. Kumbe kwanza wanatoboa ardhi. Wanashindilia bomba, wanatoa udongo, wanautia kwenye chupa za kioo na kuupeleka ukapimwe. Majibu yakirudi, sehemu nyingine zinasimikwa bendera nyekundu. Penye nyekundu panachimbwa mpaka chini kabisa, udongo unapakiwa kwenye malori na kufunikwa turubai, na magurudumu yanaoshwa kabla lori halijagusa barabara. Sisi wa usafi tumekatazwa kurudi nyumbani na viatu vya kazini. Rehema alikuwa akinichekesha, anasema udongo wa huku una maringo, haukubali kukanyagwa na maskini.

Halafu ukanitumia ile picha. Baraka amechuchumaa ukutani, mdomo umejaa vumbi la kijivu, nawe kwenye ujumbe wa sauti unacheka kwamba mjukuu wako amekutobolea ukuta, anaula kama biskuti. Ukasema nisijali, udongo haujaua mtoto, hata mimi nikiwa na mimba yake nilimaliza yale mawe ya udongo ya sokoni. Ni kweli, Mama. Nami nilicheka, nikaipeleka picha ofisini kuwaringishia mwanangu.

Mhandisi wetu ni Msudani, mtu mzima, tunamwita Bashmuhandis. Kila nikimwekea chai huniuliza habari za Baraka. Aliishika simu, akaacha kutabasamu. Akataka kujua nyumba hiyo iko wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba ni yangu, ploti tuliipata ng'ambo ya reli, pale kiwanda cha kuyeyusha betri kilipofungwa. Akauliza udongo wa kukandika kuta ulitoka wapi. Nikasema kaka yangu Musa aliuchimba palepale uani, hatukununua hata toroli moja. Akaiweka simu mezani taratibu.

"Binti," akaniambia, "mtoe mtoto humo. Nyumba utaililia baadaye."

Nilibishana naye. Nikasema mvua imenyesha pale miaka yote hiyo, kama ni sumu imeshaoshwa. Akasema risasi, yale madini ya ndani ya betri, hayaondoki kwa mvua wala kwa jua wala kwa maji ya moto. Nikauliza je, tukipiga saruji sakafu na ua? Akasema saruji ingesaidia kama sumu ingekuwa uani tu, lakini ukuta wenyewe umejengwa kwa udongo ule. Kisha akauliza kama tumbo linamsumbua, kama anasahau mambo. Hapo nikakaa chini sakafuni, ingawa ilikuwa bado mbichi kwa deki. Wewe ulikuwa umeshaniambia bila kujua. Tumbo linamsokota, choo hapati, amekuwa mkali, na mwalimu wa nasari anasema ameusahau hata wimbo aliokuwa akiwafundisha wenzake. Sisi tukasema ni deko, anamkumbuka mama yake. Na wale kuku waliokufa, tukasema ni kideri.

Usijilaumu, Mama. Hakuna aliyepima pale. Kiwanda kilifungwa, ua ukavunjwa, ploti zikakatwa, na sisi tukatoa shukrani kanisani. Huku wanapima udongo kwa ajili ya watu watakaokuja kunywa kahawa na kwenda zao. Mwanangu anaulamba.

Niliomba ruhusa ya kuja. Msimamizi akasema mkataba haujaisha, na bila sahihi ya kampuni sipiti uwanja wa ndege. Nililia mbele yake, akanisogezea tishu, akaendelea na simu yake. Kwa hiyo nina mdomo tu, nao uko mbali. Nivumilie nikiongea kama nakuamuru.

Mtoe leo, hata kabla hujampikia Rehema chai. Nendeni kwa Shangazi Wanza, mbanane huko huko. Godoro liache, limeshiba lile vumbi. Umpeleke hospitali kubwa, useme wazi kwamba unataka damu yake ipimwe risasi, na wakikwambia ni minyoo, kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka wapime.

Halafu kuna hili la Musa. Alinipigia akasema amepata mwalimu aliyeipenda nyumba, ana mapacha wadogo, na tukimuuzia upesi hatutapoteza kitu. Mama, sitakuficha, nililitamani neno hilo. Ijumaa, ndiyo siku yetu ya ibada huku, kanisani kule Abu Hamour wenzangu wanaimba, mimi kwa mawazo nimo ndani ya nyumba yetu, natembea kutoka chumba chako hadi jikoni, najiambia auze tu, nani atajua. Lakini wale mapacha nao watautoboa ukuta. Mwambie hapana. Isiuzwe, isipangishwe, hata bure asipewe mtu. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyesema.

Nilimwachisha Baraka ziwa ili nije huku kutafuta pesa za kuijenga nyumba ile. Sasa nyumba sina, na mtoto sijui nitamkuta wa namna gani. Nilimuuliza Bashmuhandis kama kilichoingia mwilini kinatoka. Akasema kingine kinatoka. Kingine. Neno hilo ndilo ninaloamka nalo na kupiga nalo deki.

Nisalimie Shangazi Wanza, umwambie anisamehe kwa mzigo ninaomtwika. Nisalimie Baba Mkubwa anayetuombea, na jirani Mama Njeri anayemtunza Baraka ukienda sokoni. Naye ana mjukuu, kwa hiyo umsomee barua hii. Musa mwambie kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri, kosa si lake. Na Baraka umwambie mama hajakasirika kuhusu ukuta.

Rehema nimemwomba asiondoke hapo mpaka mtoke. Mkishatoka, funga mlango umpe ufunguo, na akirudi kazini aniletee. Kama kuna wa pili kwa Musa, naye autoe. Nataka nizishike funguo zote hapa mkononi mwangu, nijue hakuna mtu anayelala mle.

Ni mimi mwanao ninayekupenda, na kwa hili sibadiliki,

Mwende