Gitaa la Yule Mama wa Kiriri

Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje na hizi mvua? Mimi mzima na nakula vizuri. Ila kuna jambo la jana, na nisipokueleza wewe sitatulia.

Kazi bado ni hapa Kamenge kwa Mzee Saidi, fundi wa magitaa. Siku hizi mimi ndiye fundi wa kuzeesha, usicheke! Gitaa la zamani likivunjika kitu tunaweka kipya, nami nakizeesha kifanane na wenzake. Skrubu nazilaza kwenye siki zishike kutu, plastiki naichemsha na majani ya chai, kisha msasa na dawa ya viatu. Nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa.

Basi bwana mmoja wa Kiriri akaleta gitaa la marehemu baba yake. Kile kibao cha plastiki chini ya nyuzi, kinachokinga mbao na kucha, kilikuwa kimepasuka. Nikaweka kipya, nikakikwaruza kwa madaha, ungesema kimepigiwa miaka. Upande wa juu wa nyuzi rangi ilikuwa imebanduka, mbao iko wazi. Nikaona ni uharibifu tu, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, pakang'aa. Mzee Saidi akanisifu.

Jana akaja kulichukua mjane mwenyewe. Akapapasa pale juu ya nyuzi, akapapasa tena.

"Hii apana gitare ya bwana yangu," akasema. "Mumebadilisha!"

Mzee Saidi akaapa. Majirani wakajaa mlangoni. Mimi mgeni, Mama, nikaona sasa naitwa mwizi! Nikaropoka kwamba gitaa ni lilelile, ile mikwaruzo nimeitia mimi.

"Bwana yangu alikuwa anapiga na mukono ya kushoto," akasema. "Anageuza gitare, chini inakuwa juu. Mukono yake ilikuwa inapita hapa." Akaweka kidole kwenye vanishi yangu. "Tangu amekufa, mi naweka mukono hapa kila siku. We umeifuta. Na hii mikwaruzo yenye umeweka pale, ni mukono ya nani?"

Nikamwambia naweza kuitoa vanishi.

"Utatoa verni. Ile yenye ulikwangua utaitoa wapi?"

Akalifunga gitaa kwenye kitenge chake, akaondoka bila kutugombeza. Afadhali angenitukana. Nimemwumiza mtu, Mama, na siwezi kurekebisha.

Nisalimie shangazi muuza dagaa, na dada bibi harusi. Kaka Idi seremala aliniambia atakipiga msasa kiti cha marehemu baba kiwe kipya kwa ajili ya wageni wa harusi. Nikimkataza kwa simu atanicheka. Wewe barua hii ikikufikia, kaa kwenye kile kiti, weka mkono pale baba alipokuwa akiweka wake, na usimwinukie Idi mpaka auweke msasa chini.

Mwanao akupendaye,
Shabani