Sifuri za Alasiri

Jumatatu, 7 Aprili
Nimefuta lenzi mara tatu. Masizi tupu. Mashine iko juu ya ghala, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ya Mama, hapa mpakani Malaba. Inatuma mwali wa leza juu ya foleni ya malori, unagonga kioo tulichofunga ukutani kwake, unarudi. Gesi za moshi hunyonya sehemu ya mwali. Kilichopungua ndicho uchafu wa hewa. Asubuhi ilikuwa mbaya. Madereva hawazimi injini, wakorofi hawa.

Jumatano, 9 Aprili
Alasiri ya tatu mfululizo mwali haurudi. Sijui kwa nini. Penye nafasi tupu nimejaza sifuri ili grafu isikatike. Nitarekebisha. Bosi anataka ripoti keshokutwa.

Ijumaa, 11 Aprili
Ripoti imekwenda. Hatimaye! Nafula, dada yangu anayeishi na Mama, aliuliza amtoe mtoto wake nje saa ngapi. Kifua kinambana, na ndani ni joto. Nikafungua grafu kwenye simu. Baada ya saa nane mstari wa uchafu uko chini kabisa. Nikamwambia alasiri.

Jumatatu, 14 Aprili
Mtoto amelazwa. Wamemwekea oksijeni. Nafula alikaa naye barazani Jumamosi na Jumapili, alasiri nzima, kama nilivyosema. Ninaogopa.

Jumanne, 15 Aprili
Nilipitia kwa Mama alasiri kuchukua nguo za mtoto. Radi ikanguruma upande wa Tororo. Mama akatoka mbio na leso, akafunika kioo cha mashine. Nikauliza anafanya nini.
"Wee, kioo si inaita radi? Kila siku mvua ikikaribia mimi nafunika. Ama unataka nyumba ichomeke?"
Kumbe ndiyo maana alasiri mwali haurudi. Hata mimi utotoni nilikuwa nakimbia kufunika vioo. Nilipomfungia kile sikumweleza lolote. Na sifuri ni zangu. Hapakuwa na kipimo, nikaandika hewa safi, kisha nikaiamini mwenyewe. Najichukia.

Jumatano, 16 Aprili
Nimemwandikia bosi ukweli wote. Amefoka mpaka simu ikakatika. Ripoti inarudishwa. Haki yake.

Alhamisi, 17 Aprili
Wamemtoa oksijeni. Anapumua vizuri. Nilimweleza Nafula kila kitu pale wodini.  Akanipakatisha mtoto, akaenda kunawa uso.