Mrututu kwenye maji ya vifaranga

Jumatano. Hapa kijijini Chapwa leo ni baridi tupu, ukungu umegoma kuondoka mpaka saa nne. Tangu Jumapili kanisani nilikuwa sijaongea na mtu, ukiacha vifaranga.

Waliletwa wiki iliyopita, mia moja, vifaranga wa kuku wa nyama. Acha nikiri: niliwachukua kwa ajili ya kelele zao. Tangu mke wangu Anyesi afariki mwaka jana, nyumba hii ina ukimya ambao hata redio haiuondoi.

Mfugaji alikuwa yeye. Mimi nilishinda mpakani na makaratasi ya malori, nikirudi nakuta kuku wamenenepa, naambiwa karibu mezani.

Jambo moja tu nililikumbuka. Kila vifaranga wakija alisaga mrututu, yale mawe ya bluu wanayonyunyizia mibuni kule kwao Mbozi, akawatilia kidogo. "Ndani yake kuna shaba, inawakuza," aliniambia siku moja nikiwa navua viatu. Sikuuliza zaidi.

Basi Jumatatu nikautia kwenye maji yao. Kidogo, kwa macho yangu. Maji yakawa na rangi nzuri ya bluu. Nilifurahi, kama vile nimefanya kazi pamoja naye.

Jana asubuhi wakaacha kula. Wakajikusanya kwenye kona, mabawa yameshuka. Kufika mchana, ishirini walikuwa wamelala kwenye maranda na hawaamki.

Leo nimemwita daktari wa mifugo, binti mdogo tu, akaniamkia vizuri kisha akapasua mmoja aliyekufa. Akanionyesha firigisi. Ngozi ya ndani ilikuwa imepasukapasuka, inabanduka.

"Baba, unawapa chakula gani?"

"Cha dukani, cha mfuko."

"Hicho shaba tayari imo, wameipima kiwandani. Halafu ukaongeza mrututu kwa kukisia?"

"Mke wangu alikuwa anaweka, na hawakufa."

"Na yeye alikuwa ananunua cha mfuko?"

Ikabidi nifikiri. Hapana. Alikuwa anachanganya mwenyewe nyuma ya jiko: mahindi, pumba, mashudu, dagaa. Na alikuwa na mzani mdogo.

"Basi mama alijua anachofanya," amesema kwa upole. Heri angenifokea.

Mzani wenyewe uko juu ya kabati. Mwaka mzima nimeupita nikidhani ni wa kupimia unga wa maandazi.

Miaka ishirini na sita nimekula kuku wa yule mwanamke, na sikuwahi kusimama dakika tano nimtazame anavyochanganya.

Tumemwaga maji yote, tumesugua vyombo, tumeweka maji safi. Daktari amesema nisiwape kitu kingine chochote, nisubiri. Wamebaki hamsini na kidogo. Baadhi yao wameanza kudonoa tena. Waliokufa nimewafukia nyuma ya nyumba, peke yangu, shimo moja.

Jioni nikampigia Tumaini, binti yetu aliyeolewa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka. Jana alipotuma ujumbe kuwaulizia vifaranga, nilimjibu wanaendelea vizuri. Leo nimemweleza yote: mrututu, firigisi, shimo. Nikamwambia pia kwamba sikuwahi kumuuliza mama yake chochote.

Akaniuliza:

"Na wewe baba, umekula?"

Nikasema nimekula.

Sijala tangu jana. Nimeweza kukiri vifaranga karibu hamsini waliokufa kwa mkono wangu, lakini hilo moja nimeshindwa. Kwa nini? Najua kwa nini. Nikisema sijala, itabidi niseme na mengine: kwamba meza ni kubwa, kwamba sufuria ya mtu mmoja sijui kuipima.

Naacha kuandika hapa. Nampigia tena, kabla sijabadili nia.

Nitamwambia: mwanangu, sijala. Njoo.