Kiti cha Mzee Kihara

Majengo,
S.L.P. 83,
Nyeri.
9 Julai, 1968.

Kaka yangu mpendwa Dawud,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba joto la Mombasa halijawamaliza. Huku Julai ni baridi ya kuuma mifupa, na mlima hatujauona tangu wiki iliyopita kwa ukungu. Binti yangu Subira hajambo, amerefuka mpaka gauni la shule limekuwa fupi. Mimi pia ni mzima, ila nina jeraha mkononi. Nitakueleza lilivyotokea, maana naona mume wangu Ali ameshakueleza kwa namna yake.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Ati nimekuwa mcheza dansi. Ati nimewaaibisha, na mwisho wa mwezi unakuja kunirudisha kwa Ali. Kaka, ungekuwa karibu tungegombana mpaka majirani watoke nje. Sasa nisikilize.

Idd ya mwaka jana Ali alikuambia niliteleza kisimani nikavunjika mkono. Sikuteleza. Alinipiga kwa mchi wa kinu kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Niliusikia mfupa ukivunjika. Akanipiga tena nikiwa chini, Subira amesimama mlangoni anatazama. Nilipotoka hospitali sikurudi kwake, nilihamia kwa Shangazi Mwanaisha.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umekakamaa. Haukuinuka kupita kifua. Sikuweza kuanika nguo wala kukanda unga wa mandazi, na unajua mandazi ndiyo yanayotulisha. Usingizi ulinikimbia, nikawa mtu wa kushtuka hata paka akirukia bati. Nesi akaniambia mkono usipotumika utabaki hivyo hivyo. Ndipo Murugi, anayeniletea maziwa kutoka Giakanja, akanivuta mpaka ukumbini wanakocheza dansi kila Jumamosi alasiri.

Mwalimu ni Mzee Kihara. Zamani alikuwa weita katika klabu ya wazungu, akajifunza kwa kuwatazama ile dansi yao ya kushikana wawili wawili na kuzunguka taratibu. Meno yamemwisha, lakini akisimama wima utadhani yeye ndiye gavana. Ana sheria moja. Mwanamume akimkaba mwenzake au kumvuta, anatolewa katikati na kupewa kiti cha mbao acheze nacho mbele ya watu mpaka mkono ulegee. Humwambia, "Ati unashika mama ya watu kama gunia ya kahawa? Enda ucheze na kiti. Kiti haiwezi lia." Nimeona makarani na madereva wa lori wakizunguka na kile kiti, jasho linawatoka, sisi tunacheka hadi machozi.

Siku yangu ya kwanza, Mzee aliinua mkono wake anishike, nami nikajifunika uso. Waliokuwa wakicheza wakasimama, santuri ikabaki kuimba peke yake. Niliona haya nikatamani ardhi inimeze. Yeye akarudi nyuma kidogo akasema, "Mama Subira, leo tunatembea tu. Mkono itakuja yenyewe." Tukatembea. Polepole mkono ukapanda hadi begani, ukafika sikioni, mwishowe ukapita kichwa. Siku hizi nalala. Nakanda unga kwa mikono miwili, na Shangazi anasema ubishi wangu wa zamani umerudi wote.

Najua unavyoona mwanamke wa Kiislamu kushikwa mkono na mwanamume asiye wake. Lakini kaka, jiulize pia mkono ulioshika mchi ulikuwa wa nani.

Sasa, ile Jumamosi uliyosimuliwa. Ali aliingia na rungu, hakusalimu mtu. Alimpiga Mzee Kihara kichwani, damu ikatapakaa kwenye shati jeupe, kisha akaipiga santuri ikawa vipande vipande. Kijana mmoja akampokonya rungu, Ali akanyakua kile kiti akanijia. "Leo nakuua!" alisema. Kiti kilikuja usoni, na mkono wangu ukapanda. Mkono uleule, kaka. Kiti kilivunjikia hapo, kikanichana tangu kiwiko mpaka kiganja. Mwaka jana mkono huu usingefika, na wewe ungekuja Nyeri kunizika. Murugi akavua kiatu chake cha kisigino akampasua nacho sikio. Ali alipoanguka nilimpiga teke, nikampiga tena akiwa chini, na nilifurahi. Sikufichi. Ilibidi nishikwe na watu, ndipo polisi wakaja wakamchukua.

Wamemwachilia, sasa anataka msamaha. Mzee Kihara, kichwa chake kimeshonwa nyuzi, anasema Ali akitaka aje ajifunze kama wengine. Nilimkasirikia Mzee sana kwa neno hilo, na bado.

Kaka, njoo. Lakini usije kunirudisha. Njoo twende wote kwa kadhi ukanisimamie nipate talaka yangu. Baba hayupo, nimebaki na wewe tu. Ninaogopa jibu lako kuliko nilivyoogopa rungu la Ali.

Nisalimie wifi, mtoto Shee na wote wa nyumba hiyo. Shangazi Mwanaisha anakusalimu sana na anasema usije mikono mitupu, ulete halua. Mwenyezi Mungu akulinde njiani na akupe moyo wa kunisikia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nikiwa nimekukasirikia,

Saumu.

Nilitaka kusahau. Nasikia Ali anakuja huko kwako kukuomba umtetee. Mwambie Mzee amekiunga upya kile kiti kwa misumari, kiko pembeni mwa ukumbi. Kinamngoja. Mimi simngoji.