Sufuria ya Kasyoki

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Kasyoki amekuja dukani kwangu asubuhi — na tangu afiwe na mumewe, leo ndiyo mara ya kwanza amekuja kununua! Mchele, mafuta, vitunguu. Ameuza kuku wake wote, amebakisha jogoo wa kuchinja. Jumamosi wakwe wanatoka Emali kuleta mbuzi wa ntheo. Mbuzi hao wakishaingia bomani, kwa mila yetu binti yake Mbula ni mke wa watu.

Nilitaka kumwongezea mchele. Akafunika mfuko kwa mkono. Mama Kisilu, akaniambia, umenilisha miaka mingi, hii moja niachie nipike mwenyewe. Na usiambie watu wa kanisa.

Nikasema sawa. Nimefurahi naye sana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sipati usingizi kwa sababu ya ule mchele. Ni kidogo! Na wale watu wa Emali wakikaa kula, wanakula. Watamcheka.

Nimemwambia Ndinda, mwenyekiti wetu wa akina mama wa kanisa. Yeye peke yake, tena kwa sauti ya chini. Nimesema labda tupitishe kasufuria kamoja ka nyama kwa mlango wa nyuma, kimyakimya. Akasema nimwachie yeye. Kutoa ni moyo, akasema. Husema hivyo hata akitoa tangazo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mungu wangu.

Wageni walikuwa wameshakaa. Mbuzi wamefungwa kando ya ua. Kasyoki ndani ya ile nguo yake ya kijani, anatembea kama mwenye boma. Sufuria yake iko jikoni imefunikwa, harufu ya jogoo imefika barabarani. Mimi nimeketi kama mgeni, sijagusa hata kijiko.

Mara pikapu. Honi! Akina mama wote na aproni za kanisa, wanaimba, masufuria makubwa matatu nyuma. Ndinda ameshika maiki — boma dogo hivi, maiki ya nini? Akawakaribisha wageni. Wageni wa mwenzake! Akasema huyu dada yetu ni mjane, hana kitu, kanisa ndilo linamlisha, kwa hivyo wasione haya, wale washibe. Mmoja wao, Yvonne, anapiga picha za kuweka WhatsApp.

Shangazi wa kijana anayeoa akasema, "Kumbe sisi tunaoa kwa kanisa!" Alikuwa anatania tu. Watu wakacheka.

Kasyoki hakucheka. Aliniangalia. Mimi, si Ndinda.

Wageni wamekula chakula cha kanisa wakashiba, wakaenda. Sufuria ya Kasyoki haikufunuliwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Tumepigiwa makofi kanisani. Kasyoki hakuja. Mbula amerudi kazini Mtito Andei bila kuniaga.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza cha mwenzangu. Changu kiko salama, na kitambaa juu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempelekea Kasyoki mahindi na maharagwe yake ya kila wiki. Mlango umefungwa. Yuko ndani, namsikia akikohoa. Nimeita, nimeita. Nikaacha mfuko mlangoni.

Jioni nimepita tena. Mfuko uko pale pale, mbuzi wa ntheo wameutoboa, wanakula. Mahindi, na njaa hii! Nimelia njiani kama mtoto.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nikisimama nyuma ya duka naona jiko la Kasyoki. Tangu jana halijatoa moshi. Mvua nayo haijaja, mashamba ni vumbi tupu.

Ndinda anasema tumwache, maskini hana ruhusa ya kuringa. Nikamkaripia, nikamwambia afute zile picha. Akaniuliza ni nani alimwambia habari ya Kasyoki.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo kuna moshi! Mwembamba, lakini moshi.

Nimefunga duka mapema. Nimewaza mchana kutwa, na hili ndilo limenichoma: miaka yote hii sijawahi kumwomba Kasyoki kitu. Hata kiberiti. Yeye ndiye wa kupokea, mimi ndiye wa kutoa, basi.

Nikachukua kikombe changu cha buluu, nikaenda nikabisha.

"Kasyoki, nimeishiwa na chumvi."

Uongo! Duka langu lina chumvi mpaka inaanguka kwenye rafu, na yeye anajua. Akafungua. Amekonda, jamani. Nyuma yake ile sufuria iko motoni. Aliangalia kikombe. Kisha akakichukua, akaingia, akafunga mlango.

Nikangoja. Kuku wa jirani wakaingia kulala, mimi bado niko pale. Hakutoka. Nimerudi mikono mitupu.

Lakini kikombe amebaki nacho. Angeweza kunirudishia pale pale mlangoni, na hakunirudishia.

Nimepika mboga bila chumvi. Ziko hapa mezani zinapoa, na mlango sijaufunga.