Majaketi Yaliyokuwa Yaende Marekani

Alhamisi, Mfaranyaki

Sasa nimekuwa fundi wa kupunguza mikono tu.

Mwalimu Komba aliniagiza nimshonee majaketi ya wanafunzi wake kabla baridi haijaanza. Leo mchana amekuja kibandani na fuko limejaa majaketi ya dukani. "Dada Asumpta, samahani sana. Haya ni rahisi kuliko ya kwako, ila mikono ni mirefu. Utanipunguzia?"

Nikamuuliza yametoka wapi. Akasema yalishonwa China yaende Marekani. Marekani wakapandisha ushuru, mzigo ukakosa wanunuzi, ukageuziwa huku. Kweli, mengine bado yana kikaratasi cha bei ya dola shingoni.

Nilitaka kukataa. Nimepokea, maana wiki hii cherehani imelala.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba yameshonwa vizuri. Nilitafuta kosa kwenye mishono, sikuliona.

Na vitambaa nilivyokwisha kukata? Mama mkwe anasema nivute subira, wakubwa hao wa China na Marekani watapatana tu. Watapatana lini? Baridi ya Songea imeshaingia.

Mwalimu aliporudi jioni nikajikaza. "Mwalimu, vya watoto wako nilishavikata kwa vipimo vyao."

Akaangalia chini. Kisha akasema atachukua majaketi yangu ya darasa la kwanza, kwa sababu wale ni wadogo mno, hakuna jaketi la dukani lililowaenea.

Nimeshukuru, tena nimeshukuru kwa moyo. Lakini ni darasa moja tu. Yale mengine sijui nitamvika nani.