Bomba Lililokataa Kurudi Mahali Pake

Igogwe, Rungwe

Shemeji Meshaki,

Mugonile. Natumaini wewe na dada yangu Sekela ni wazima huko Dodoma, na kwamba bado unakoroma kanisani kama zamani. Sisi tu wazima, ndizi zipo, mvua ndiyo haitaki kukatika. Nakujulisha kuwa shemeji yako sasa ni mtaalamu wa mabomba ya chini ya bahari.

Basi, nimedanganya. Bahari nimeiona kwenye kalenda tu. Mtaalamu ni binti yako Tulia, ambaye yuko hapa kwangu wiki ya pili sasa, wala hayuko kazini kama unavyowatambia wazee wenzako. Usiitupe barua, endelea kusoma.

Unajua kampuni kadhaa za mafuta na gesi zimeungana kufanya utafiti mmoja wa mabomba hayo, na Tulia ni mmoja wa watafiti. Nilimwambia kulipwa mshahara kwa kutazama bomba ni kazi ya mvivu kama baba yake. Hakucheka. Alichukua lile bomba jeusi la plastiki la kumwagilia miche ya chai, akazibana ncha zote mbili kwa mawe, akapitisha maji ya moto ambayo mke wangu Hellen aliyachemsha ya kupikia ugali. Bomba likarefuka, likakosa pa kwenda, likajipinda ubavuni kwenye tope. Lilipopoa halikurudi mahali pake. Akasema baharini ni hivyohivyo, mafuta ya moto yakipita, bomba hujipinda, na kulikataza huwezi. Unalichagulia sehemu nyingi za kujipinda kidogokidogo. Likijipinda lote mahali pamoja, linapasuka.

Shida ndiyo hii. Kwenye jaribio moja la maabara, katika tope laini la kuigiza sakafu ya bahari, bomba lilijipinda lote mahali pamoja, kinyume na hesabu za wakubwa. Mkuu wa Tulia akasema tope lilichanganywa vibaya, akaagiza jaribio lile litolewe kwenye ripoti ya pamoja. Tulia ndiye aliyelichanganya, kwa mikono yake. Alipokataa, akapewa likizo ya lazima akafikirie. Akakupigia wewe, ukamwambia mwenye kazi nzuri habishani na mkubwa wake, ukakata simu ukaangalie mpira.

Kaa chini, shemeji. Juzi ametuma majibu yote, pamoja na hilo lililokatazwa, kwa kila kampuni. Aliniuliza kwanza, mimi wa darasa la nne, nikamwambia atume. Jana wamemwachisha kazi. Kampuni hazijajibu hata moja. Hataki kula, anashinda amelala akitazama ukuta, na Hellen ananilaumu mimi. Nilimwuliza anachoogopa zaidi ni nini. Akasema si wao, ni baba.

Nisalimie dada, mwambie ale kwanza ndipo alie. Na wewe, kuna fadhila hujanirudishia. Baba yetu alipokukataa kuwa mkwe, ni mimi niliyekusemea hadi akachoka kunisikia. Sasa naidai. Mpigie Tulia leo, mwulize bomba hujipinda vipi, na usimkatize mpaka amalize.

Ni mimi, shemeji yako msumbufu,
Andrea Mwakipesile